Mhariri, tugawie nusu ya safu ya nyota

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua niseme jambo moja kuhusu safu yenu ya utabiri wa nyota. Siombi muifute. Naomba muikate katikati: nusu wabaki nayo watabiri, nusu ya pili ziandikwe habari za nyota zenyewe, hizi tunazoziona usiku tukiinua kichwa.

Mimi ni karani wa mizani katika bandari ya wavuvi hapa Ngomeni, kaskazini mwa Malindi. Kazi yangu ni kupima samaki na kamba, kuandika kilo na jina la chombo, kisha kusubiri. Kusubiri ndiko kwingi. Vyombo vikichelewa, gazeti lenu ndilo linalotupitishia wakati, na kwa kuwa miwani ninayo mimi, msomaji huwa mimi. Siasa watu wanaitaka, mpira wanautaka zaidi, lakini kabla ya yote kuna nahodha mmoja mtu mzima ambaye lazima aulize, "Bi Karani, nyota yangu yasemaje leo?" Yeye ni Nge. Nikimsomea kwamba ajihadhari na rafiki wa zamani, humgeukia mwenzake aliyeazima jarife lake na mpaka leo hajarudisha, na baraza zima huangua kicheko. Kwa hiyo msidhani naandika kwa chuki. Safu hiyo ina wapenzi wake, na anayewasomea ni mimi. Dini zinasemaje kuhusu utabiri, mashehe na wachungaji wameshasema. Sina haja ya kurudia.

Langu mimi ni la hesabu. Safu yenu inatumia anga ya miaka elfu mbili iliyopita.

Chukueni tarehe 12 Desemba, Sikukuu ya Jamhuri. Kwenu, mtoto aliyezaliwa siku hiyo ni Mshale. Maana ya asili ya kusema hivyo ni kwamba siku hiyo jua, ukilitazama kutoka duniani, liko mbele ya kundi la nyota linaloitwa Mshale. Haliko huko. Tarehe 12 Desemba jua liko katika kundi la Mbeba Nyoka, ambalo wanafalaki wanaliita Ophiuchus, na ambalo hata jina halimo katika zile kumi na mbili mnazochapisha. Jua huingia humo mwisho wa Novemba na kutoka karibu na tarehe 17 Desemba, ndipo linapopiga hodi kwa Mshale. Na Nge, ambaye safu yenu imempa mwezi mzima, kwa kweli jua hukaa kwake kama wiki moja tu.

Sababu yake haina uchawi. Dunia inazunguka kwenye mhimili wake, na mhimili wenyewe nao unayumba polepole sana, kama pia ya mtoto inapoanza kuchoka. Kuyumba mzunguko mmoja kamili huuchukua miaka kama 26,000. Mgiriki mmoja, Hipparchus, aliliona jambo hilo zaidi ya miaka 2,100 iliyopita, alipolinganisha vipimo vyake vya nyota na vya watu waliomtangulia, akakuta haviafikiani. Tangu zile nyumba kumi na mbili zigawanywe, anga imeteleza karibu nyumba nzima. Mtu aliyeandikiwa Nge, jua la siku yake ya kuzaliwa huenda lilikuwa katika Mizani, au hata Mashuke. Nilipomweleza nahodha wangu, alinyamaza kidogo halafu akasema, "Basi miaka yote hii umekuwa ukinisomea nyota ya mtu mwingine."

Nimeitaja tarehe 12 Desemba makusudi. Siku hiyo, mwaka 1970, Kenya ikitimiza miaka saba tangu kujitawala, roketi ya Kimarekani aina ya Scout iliruka kutoka jukwaa la Waitaliano la San Marco, lililosimama juu ya miguu ya chuma baharini, hapa hapa katika ghuba ya Ungwana. Ilibeba chombo kisichofika kilo 150. Chombo hicho kilipokwishatulia kwenye njia yake angani kilipewa jina la Uhuru, kwa Kiswahili, na kwa jina hilo kimeandikwa katika vitabu vya elimu ya nyota vya ulimwengu mzima. Uhuru ndiyo setilaiti ya kwanza kabisa iliyotengenezwa mahususi kwa kutazama anga kwa eksirei. Kabla yake haikuwako nyingine, si ya Wamarekani, si ya Warusi.

Aliyependekeza jina ni Marjorie Townsend, mhandisi wa NASA, shirika la anga za juu la Marekani, aliyesimamia mradi wenyewe, kwa heshima ya sikukuu ile na ya watu waliowapokea. Ndiyo, ni mwanamke, na mwaka 1951 alikuwa wa kwanza wa kike kupata shahada ya uhandisi katika Chuo Kikuu cha George Washington. Naliandika hilo kwa ajili ya wasichana wa huku ambao bado wanaambiwa fizikia si yao.

Sasa, kwa nini Ngomeni? Watu wa nje wakija huuliza, nasi huwajibu kwa kubahatisha, kwamba Waitaliano walipenda kamba wetu. Kamba wetu wanapendwa, hilo halina ubishi, lakini sababu ni nyingine. Malindi iko nyuzi 3 tu kusini mwa ikweta. Karibu na ikweta ardhi inakimbia kuelekea mashariki kwa kama kilomita 1,670 kwa saa, na roketi ikirushwa upande huo huondoka na mwendo huo bila kuulipia mafuta. Mbele yake ni Bahari ya Hindi tupu, kwa hiyo vipande vya roketi vinavyomaliza kazi huangukia majini. Hizo mbili zingetosha, ila kwa Uhuru kulikuwa na ya tatu iliyo kubwa zaidi. Usumaku wa dunia umenasa chembe zenye nguvu nyingi kuizunguka dunia, na kuna mahali, juu ya Atlantiki ya kusini upande wa Brazili, ambapo chembe hizo zinashuka chini zaidi kuliko kwingine. Chombo cha kupima eksirei kikipita katikati ya eneo hilo hupata makelele matupu. Setilaiti inayozunguka kando kando ya ikweta hulikwepa sehemu kubwa, na ili kuiweka kwenye njia hiyo kwa roketi ndogo kama Scout, ni lazima uirushe ukiwa ikweta.

Waitaliano, wakiongozwa na profesa Luigi Broglio, walikwishaiona faida hiyo mapema. Setilaiti yao San Marco 2 iliondoka hapa tarehe 26 Aprili 1967. Kuanzia hiyo hadi ya mwisho, mwezi Machi 1988, setilaiti tisa ziliondoka katika ghuba hii. Moja ilikuwa ya Waingereza, Ariel 5, mwaka 1974. Nyingine, ya mwaka 1972, ilikwenda kupima mionzi ya gama, yenye nguvu kuliko hata eksirei. Siku hizi majukwaa, San Marco na mwenziwe Santa Rita, hayarushi kitu, ila kituo cha nchi kavu kinaendelea na kazi ya kufuatilia setilaiti za watu.

Baba yangu mdogo, Mungu amrehemu, alikuwa baharia katika boti iliyopeleka vyakula, maji na wafanyakazi kwenye majukwaa hayo. Alitoka huko na Kiitaliano cha jikoni na cha kugombana. Sisi watoto tukimuuliza wazungu wanarusha nini, alitwambia, "Fataki za serikali." Hakuwa akitudanganya. Alibeba maji ya kunywa ya watu wale miaka na miaka, na hakuna hata mmoja aliyemketisha akamwambia kilichomo kwenye ncha ya roketi. Amezikwa hajui. Hilo ndilo linaloniuma, na ndilo lililonifanya nianze kusoma habari hizi kila nilipozipata.

Haliishii kwa wazee. Mwanangu wa Gredi ya 8 aliletewa kazi ya nyumbani, ataje vyombo vitatu vya angani vilivyobadilisha elimu ya nyota. Aliandika Hubble, akaandika James Webb, na cha tatu mimi nikamwambia aandike Uhuru. Daftari lilirudi na alama ya kosa kwa wino mwekundu na maelezo pembeni: "Uhuru si chombo cha angani." Mwalimu simlaumu hata kidogo. Angejulia wapi? Kitabu anachofundishia nimekifungua, Uhuru haimo. Na setilaiti yetu Taifa-1 iliporushwa kutoka California tarehe 15 Aprili 2023, nilisoma kwa sauti hapa barazani kwamba Kenya sasa imeingia katika mambo ya anga za juu, na watu walionizunguka wakageuza shingo wote kwa pamoja kutazama baharini, kwenye yale majukwaa.

Haya, Uhuru ilifanya nini huko juu? Eksirei ninazozisema ni zile zile za hospitali, zinazopita nyama na kuonyesha mfupa. Nyota na vitu vingine vya angani hutoa eksirei pia, lakini angahewa letu linazizuia zote zisifike chini. Kwa afya zetu ni rehema kubwa. Kwa mtu anayetaka kuzitazama ni ukuta. Kabla ya Uhuru, watafiti walikuwa wakituma roketi ndogo zinazopanda juu ya angahewa, zinachungulia dakika chache, zinaanguka. Kwa njia hiyo ya kuchungulia, tarehe 18 Juni 1962, kundi la Riccardo Giacconi, Mwitaliano aliyekuwa akifanya kazi Marekani, lilikiona chanzo cha kwanza cha eksirei kilicho nje ya mfumo wa jua letu. Giacconi huyo huyo ndiye baadaye aliyewaongoza wanasayansi wa Uhuru, na mwaka 2002 akapewa Tuzo ya Nobeli ya fizikia.

Uhuru haikuchungulia. Ilikaa. Ilijizungusha polepole, duara moja kwa kama dakika 12, ikaipitia anga ukanda kwa ukanda, na kuendelea hivyo hadi Machi 1973. Orodha ya mwisho iliyotokana na kazi yake ina vyanzo 339. Anga ambayo ilikuwa na madoa machache ya eksirei ikawa na ramani.

Hapa sasa narudi kwenye safu yenu, maana kile chanzo cha kwanza cha Giacconi kinaitwa Scorpius X-1, yaani kiko kwa Nge. Nataka nahodha wangu aambiwe habari za Nge zilivyo. Mle ndani kuna nyota ya nyutroni, ambayo ni mzoga wa nyota kubwa iliyolipuka zamani. Upana wake ni kama kilomita 20, karibu na mwendo wa Malindi hadi Watamu, lakini uzito wake unalishinda jua. Ina mwenziwe, nyota ya kawaida, na hao wawili wanazungukana mzunguko mmoja kwa saa 19 hivi. Mkubwa wa uzito anamnyonya mwenziwe gesi. Gesi ile inapoanguka kuelekea kwenye mzoga hupata joto la mamilioni ya nyuzi, na kitu chenye joto hilo hakitoi mwanga wa kawaida tu, hutoa eksirei. Yote hayo yako mbali nasi kiasi cha miaka ya nuru 9,000 (mwaka mmoja wa nuru ni mwendo unaokwenda mwanga kwa mwaka mzima), na bado, ukiliacha jua letu, hakuna chanzo kingine cha kudumu cha eksirei kinachotufikia kwa nguvu kama hicho. Hayo ndiyo mambo ya Nge, Mhariri. Rafiki wa zamani hayumo.

Wa Ng'ombe nao wana lao: mabaki ya nyota ambayo Wachina waliandika kuiona ikiwaka ghafla mwaka 1054, ikaonekana hata mchana kwa siku 23, na katikati ya mabaki hayo leo kuna nyota ya nyutroni inayojizungusha mara 30 kwa kila sekunde. Kwa Mashuke kuna kusanyiko kubwa la magalaksi, yaani makundi makubwa mno ya nyota, na ni Uhuru iliyoonyesha kwamba katika makusanyiko kama hayo nafasi iliyo kati ya galaksi na galaksi, tuliyoidhania tupu, imejaa gesi ya moto wa mamilioni ya nyuzi ambayo darubini za kawaida zilikuwa hazijaiona kabisa.

Lakini kazi ya Uhuru inayonishika zaidi haimo katika kumi na mbili zenu. Iko katika kundi la Bata Maji, Cygnus, katika chanzo kiitwacho Cygnus X-1. Roketi ndogo zilikuwa zimekiona tangu 1964. Uhuru ilipokikazia macho, ikaona kwamba eksirei zake hazitulii: zinapanda na kushuka ndani ya sehemu ndogo ya sekunde, bila mpango. Mtu anaweza kusema, basi kinametameta, kuna nini? Kuna hesabu. Mwanga unakwenda kilomita 300,000 kwa sekunde, na hakuna kinachoushinda mbio. Kitu kikibadilika chote kwa pamoja ndani ya sehemu ya kumi ya sekunde, upana wake hauwezi kuzidi kilomita 30,000, kwa sababu habari ya mabadiliko haiwezi kuvuka kutoka upande mmoja hadi wa pili kwa haraka kuliko mwanga. Jua letu lina upana wa kilomita 1,390,000. Kwa hiyo kwa kuhesabu muda tu, bila kukiona, wakajua wanashughulika na kitu kidogo mno kwa nguvu inayotoka.

Baada ya hapo ilikuwa kukitafuta kwa darubini za kawaida. Mwaka 1971 Louise Webster na Paul Murdin huko Uingereza, na Tom Bolton huko Toronto kwa upande wake, waliikuta mahali pale nyota kubwa ya buluu ikivutwa huku na huku, mzunguko mmoja kila siku 5.6, na kinachoivuta hakionekani. Uzito wa kisichoonekana ulikuwa mkubwa mno kuwa nyota ya nyutroni. Lilibaki jibu moja ambalo hadi siku hizo lilikuwa la kwenye makaratasi ya wanahisabati: shimo jeusi, kitu chenye mvuto mkali hata mwanga hauwezi kutoka ndani yake. Ndilo la kwanza ambalo wanasayansi wengi walilikubali. Vipimo vya karibuni, vya mwaka 2021, vinaliweka kwenye uzito wa majua 21 na umbali wa kama miaka ya nuru 7,200, maana yake mwanga unaotufikia leo uliondoka huko piramidi za Misri hazijajengwa. Na chombo kilichowaelekeza watu kulitafuta kiliondoka mbele ya kijiji chetu.

Mahali pake panaonekana kwa macho, na hili ndilo ningependa mliandike siku moja. Mwezi wa tisa, kama saa tatu usiku, mtu wa pwani hii ajitenge na taa, ageukie kaskazini. Ataona msalaba mkubwa wa nyota umepinduka juu chini. Nyota yake inayong'aa zaidi, Deneb, iko upande wa chini, na shingo ndefu ya bata inapanda juu. Katikati ya shingo kuna nyota hafifu. Ubavuni mwake, karibu mno, ndipo ilipo Cygnus X-1. Shimo lenyewe haliwezi kuonekana, lakini ile nyota ya buluu inayolizunguka huonekana kwa darubini ya macho mawili kama zile za watalii, ukiwa na subira na ramani nzuri. Mombasa sina hakika mtafanikiwa, kwa taa zile. Huku Ngomeni giza tunalo la kutosha, ni moja ya mali tulizonazo bila kukatiwa leseni.

Najua mtakavyonijibu: wasomaji wa kawaida hawataki sayansi ngumu. Mhariri, huyo msomaji wa kawaida mimi ndiye ninayemsomea. Babu zake walisema kilimia, kile kikundi kidogo cha nyota, kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Waliona kwamba kuna majuma katika mwaka, mnamo mwezi wa tano, ambapo kilimia hupotea, kisha huchomoza upya alfajiri mwezi wa sita. Kinapotea kwa sababu jua linapita upande wake. Na kilimia kimo ndani ya Ng'ombe, kwa hiyo wazee walijua jua liko wapi mwezi wa tano, na walijua kwa kutazama. Safu yenu inasema jua liko kwa Ng'ombe tangu Aprili, kabla kilimia hakijapotea. Nahodha asiyejua kusoma anawashinda.

Bamvua na maji mafu ni elimu hiyo hiyo. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, jua na mwezi vinavuta kwenye mstari mmoja, maji yanajaa sana na kutoka sana. Mwezi ukiwa nusu, vinavutana pembeni, bahari inalala. Daftari langu la kilo lina alama ya mwezi kando ya kila tarehe, kwa kuwa siku hizo mbili hazileti mzigo sawa. Hakuna anayeona hilo kuwa gumu. Ni kazi.

Kwa upande mwingine, mambo yanayotokea bila watu kuambiwa yana gharama. Jumapili, 7 Septemba 2025, mwezi ulipatwa wote. Ulianza kuliwa saa moja na nusu jioni, ukafunikwa mzima tangu saa mbili na nusu hadi saa nne kasoro dakika chache, ukawa rangi ya shaba. Simu yangu haikutulia, maana mimi ndiye "wa gazeti". Gazeti la siku ile nilikuwa nalo. Lilisema Samaki watapata barua yenye heri. La mwezi, hakuna. Wapo waliosema ni dalili ya vita. Asubuhi yake mama mmoja anayekaanga samaki aligoma kuchukua mzigo wake wa kila siku kwa kuwa wateja walikwishaambiana kwamba samaki waliovuliwa chini ya mwezi ule wasiliwe, na kilo zile zikabaki kwenye barafu yangu. Kumbe maelezo yangeingia katika mistari mitano: dunia imekaa kati ya jua na mwezi, kivuli chetu kimeuangukia, na mwanga kidogo unaopenya pembezoni mwa angahewa letu umechujwa buluu, ukabaki wekundu. Saa ya kuanza na ya kwisha hujulikana miaka mingi mbele. Mngeweza kuichapisha hata mwezi mmoja kabla.

Na kuna linalokuja lenye hatari kuliko la mwezi. Tarehe 2 Agosti 2027 jua litapatwa. Kupatwa kamili kutapita Misri, hadi kule Luxor ambako giza litakaa zaidi ya dakika sita, kisha Saudi Arabia, Makka na Jeddah zikiwamo, halafu Yemen na ncha ya Somalia. Ndugu zetu wengi walioko kazini Jeddah watajikuta katikati ya giza la mchana. Kwetu Kenya jua litaliwa sehemu tu, na hapo ndipo pa kuogopa, maana jua lililoliwa kidogo linaunguza jicho kama lililo zima, na jicho la ndani halina maumivu ya kumwonya mtu. Watoto watatoa filamu za eksirei za hospitali na vioo vilivyopakwa masizi. Vyote hivyo havifai. Yafaa miwani maalumu ya kutazamia jua, au kutoboa tundu dogo kwenye kadi na kutazama picha ya jua inayoangukia chini, jua lenyewe ukiwa umelipa mgongo. Likianza kuandikwa siku mbili kabla, miwani itakuwa haipatikani, au itakuwa ya bandia.

Kama nafasi ndiyo tatizo, anzeni Jumamosi tu. Saa za maji kujaa na kupwa mnazo kwenye jedwali la bandari ya Kilindini, linatolewa kila mwaka. Ziwekeni hapo, wavuvi watalinunua gazeti kwa hizo peke yake. Kisha sayari gani inaonekana jioni na upande gani, kisha habari moja ya kusimulia. Walimu wa fizikia wa vyuo vikuu vyetu wapo, waandikieni, wengine watafurahi kuulizwa. Ya tarehe 12 Desemba msihangaike nayo. Nimeshaiandika, ni kurasa mbili za daftari, sihitaji malipo, ila nataka mnitumie nakala ya ziada ya gazeti la siku hiyo kwa ajili ya yule mwalimu wa mwanangu.

Wako,
Karani wa mizani,
Ngomeni, Kaunti ya Kilifi